Mkia wa Neno Katika Barua ya Bibi

Alkhamisi, mwezi wa Mfunguo Tano, 1954
Mkunazini, Unguja

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri na mpaka saa hii, baada ya sala ya alasiri, bado haijakatika. Uani kwetu ndoo zote tatu zimejaa na maji yanamwagika sakafuni. Bibi amejifungia chumbani kwake. Hakukasirika. Ameomba aachwe peke yake mpaka magharibi, na mimi nimemwacha.

Nina barua mbili mezani. Moja ni ya Kijerumani, ina miaka thelathini na tano. Ya pili ni ya Kiswahili, imefika leo na meli ya Tanga. Nataka niandike yaliyotokea baina ya barua hizi mbili, nikianzia mwanzo, kabla hayajanichanganyikia.

Na nitaandika uvivu wangu pia. Nikiuficha, daftari hili halina maana.

Kazi yangu ni kusomesha. Nnasomesha Kiswahili na hesabu katika skuli ya wasichana. Wazee wangu wako Pemba, na mimi nnakaa hapa mjini na bibi mzaa baba, Bi Zuhura. Napenda lugha kama wenzangu wanavyopenda kanga mpya. Neno nisilolijua hunikera mpaka nilijue. Mwaka juzi nilikuwa napita Darajani, nikaona kwa muuza vitu vikuukuu kitabu kinachofundisha Kijerumani, kimeandikwa kwa Kiingereza, jalada limeliwa na mende. Nikakinunua. Sikuwa na sababu yoyote. Katika Unguja hii ya leo, Kijerumani utazungumza na nani?

Nilipokileta nyumbani Bibi alikichukua akakifungua. Yeye husoma msahafu, herufi za kizungu hazijui, lakini alikitazama ukurasa mmoja kwa muda mrefu, kisha akaweka kidole juu ya herufi yenye nukta mbili kichwani.

"Nukta hizi nimeziona," alisema.

Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mistari miwili tu ya wino, na chini yake jina lisilosomeka.

"Nisomee siku utakayojua," akaniambia.

Habari ya barua ile naijua tangu utoto. Bibi alizaliwa Mangapwani, na walikuwa watatu: Hamadi mkubwa, yeye Zuhura wa kati, na Makame kitinda mimba. Kabla ya vita vya Mjerumani, Hamadi alikwenda bara, upande wa Tanga, kufanya kazi katika shamba la katani. Aliporudi kusalimia, Makame akataka kufuatana naye. Mama yao, Bi Mwanakheri, alikataa. Kijana hata ndevu hana, alisema. Hamadi akaapa mbele yake kwamba atamrudisha kwa mkono wake mwenyewe. Wakaondoka. Vita vikawakuta huko huko, na Wajerumani wakawachukua wote wawili kuwa wapagazi.

Vita vilipokwisha, mtu wa Tanga alileta barua na kifurushi. Karani mmoja wa hapa mjini, aliyesoma skuli ya Kijerumani, aliitwa kuisoma. Alikaa ukumbini Mangapwani, watu wamejaa, akaifasiri hivi: "Wapagazi Hamadi na Makame, ndugu wawili wa Unguja, walikuwa kwetu hospitali. Vitu vya marehemu vinapelekwa kwa jamaa."

Hapo hapo ukumbini ukaanguka msiba. Ndugu wale wakasomewa hitima, wawili kwa pamoja. Bi Mwanakheri hakumaliza miaka miwili baada yake. Na Bibi, kila Alkhamisi usiku tangu nilipopata fahamu, namsikia akiwasomea Yasini kaka yake na mdogo wake, akiwataja kwa majina.

Basi mimi nilipewa barua hiyo. Maneno mengi niliyapata kwa siku mbili tatu. Träger ni mpagazi. Brüder ni ndugu. Sansibar, hilo halihitaji kitabu. Lakini mstari wa pili ulianza hivi: *Die Sachen des Verstorbenen*. Sachen ni vitu. Verstorbenen sikuliona popote kwenye orodha ya maneno.

Kitabu kilisema nisome kwanza sura inayoeleza jinsi kitenzi kilichokwisha kutendeka kinavyogeuka kuwa sifa ya jina, na jinsi kinavyobadilisha mkia. Nikaifungua sura hiyo. Ilikuwa na jaduweli tatu, kila moja ina vyumba kumi na sita, na kila chumba kina mkia: e, en, er, es, em. Nikazitazama mara moja nikafunga kitabu.

Mimi, ninayewaadhibu watoto wa darasa la nne kwa kuruka ngeli, niliiruka sura hiyo.

Niliiweka barua ndani ya kitabu, nikajiambia hakuna haraka, maana yake inajulikana. Waliokufa wamekufa. Ikapita miezi. Ikapita zaidi ya mwaka.

Kilichonirudisha ni Bi Mwanaidi. Huyu ni mjane wa Kitanga anayekaa Kiponda, ana umri wa miaka sitini hivi, na mjukuu wake nnamsomesha. Mwezi wa Shaabani uliopita nilikwenda kwake kuzungumzia maendeleo ya mtoto. Nikamkuta jikoni. Sufuria ikachemka ikamwagika, naye akasema neno ambalo silo la Kiswahili. Nikauliza ni lugha gani. Akacheka kwa haya. Kumbe alipokuwa msichana alikuwa yaya na msaidizi wa jikoni katika nyumba ya Mjerumani mmoja Tanga, miaka minane, mpaka vita vilipowaondosha. Kusoma hajui. Lakini Kijerumani anakisema kama anavyosema Kiswahili, hasa cha jikoni na cha kubembeleza watoto.

Nikaanza kwenda kwake kila Jumamosi. Yeye anapika, mimi nimekaa juu ya kibao cha mbuzi na daftari mapajani. Sijapata kufurahia masomo kama niliyoyapata jikoni kwa Bi Mwanaidi.

Nilikuwa nikimuuliza: samaki aliyepikwa utasemaje? Akasema, *gekochter Fisch*. Maziwa yaliyopikwa? *Gekochte Milch*. Nyama iliyopikwa? *Gekochtes Fleisch*. Neno la kupikwa ni lile lile, gekocht, lakini mara lina er, mara e, mara es. Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kama niliyemuuliza kwa nini chumvi ina chumvi.

"Ndivyo isemwavyo, mwanangu."

Nikarudi nyumbani, nikafungua sura niliyoiruka, na safari hii zile jaduweli zilikuwa na harufu ya samaki. Fisch kwa Wajerumani ni wa kiume, Milch ni ya kike, Fleisch si ya kiume wala ya kike. Er, e, es. Nikacheka peke yangu. Sisi tunasema samaki *aliye*pikwa, maziwa *yali*yopikwa, nyama *ili*yopikwa. Sisi tunaweka alama kichwani mwa neno, wao wanaiweka mkiani. Kazi ni hiyo hiyo: neno lijulikane ni la nani. Watoto wangu wa darasa la nne wangeielewa kabla ya Muingereza aliyeandika kitabu.

Jumamosi iliyofuata nikamwekea mtego. Nikamwambia aseme *yule* samaki aliyepikwa. Akasema *der gekochte Fisch*. Ile er imetoka kwenye mkia. Imekwenda wapi? Ipo mbele, kwenye *der*. Neno dogo la mbele likishasema kwamba jina ni la kiume na ni moja, mkia unapumzika, unabaki na e tu. Likikosekana neno la mbele, mkia ndio unaobeba mzigo. Mambo haya niliyagundua mwenyewe juu ya kibao cha mbuzi, na ndipo nikayakuta kitabuni yameelezwa kwa kurasa nne za kuchosha.

Nilikuwa nikirudi Mkunazini nnatembea haraka, buibui linapepea, kichwani nnajisomea: nazi iliyokunwa, ndizi zilizokaangwa, viazi vilivyomenywa. Mwalimu mwenzangu mmoja alinikuta njiani akaniuliza kama nimepata mchumba.

Nazi iliyokunwa ndiyo iliyonifungua macho. Bi Mwanaidi alisema *geriebene Kokosnuss*. Nilidhani mkia ni "ene". Nikatafuta kitabuni, nikaona kwamba vitenzi vyengine, vinapokuwa vimekwisha kutendeka, vyenyewe humalizikia na en: gerieben, iliyokunwa. Mkia unakuja *baada* ya en hiyo. Na vyengine, vikianza na ver, havitaki ge mbele kabisa.

Nikasimama na kalamu mkononi.

Verstorbenen. Ver, stor, ben, na en. Verstorben: aliyefariki. En ya mwisho ni mkia.

Nikaitoa barua. Mkia en, basi, unasema nini? Nikaangalia jaduweli. En imejaa kila mahali: ya wengi, ya mmoja anayetendewa, ya mwenye kumiliki. Kwa mkia peke yake huwezi kujua kama aliyefariki ni mmoja au ni wengi. Lazima utazame neno dogo la mbele. Na neno dogo la mbele katika barua ya Bibi ni *des*.

Sikuamini macho yangu. Nikamngojea Jumamosi Bi Mwanaidi, sikumwambia lolote. Alikuwa anakatakata samaki, changu.

"Bi Mwanaidi, kichwa cha samaki aliyepikwa?"

"*Der Kopf des gekochten Fisches.*"

"Na vichwa vya samaki waliopikwa?"

"*Die Köpfe der gekochten Fische.*"

"Haiwezekani kusema des, na samaki wakawa wawili?"

Aliacha kisu. "Haiwezekani. Des ni mmoja. Wa kiume, mmoja. Ukisema des ukawa na wawili, hata mtoto mdogo wa yule bwana angekucheka."

Nikamsomea mstari wa barua. Akaniambia niurudie, nikaurudia. Akauliza barua ni ya nani, na hapo nikamweleza yote.

"Vitu vya marehemu," akasema polepole, kwa Kiswahili. "Huyo karani hakukosea, mwanangu. Ndivyo ilivyoandikwa. Ila marehemu kwetu ni marehemu, awe mmoja awe kumi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa imetokea. Karani alifasiri sawasawa. Mwandishi aliandika sawasawa. Neno lilipovuka kutoka lugha moja kwenda nyengine, hesabu ilianguka njiani, na hakuna aliyeisikia ikianguka. Majina mawili yalikuwa juu, marehemu chini, na watu wa Mangapwani wakalia wawili.

Yule mwengine alikuwa hai barua ilipoandikwa. Lakini yupi?

Siku nne nilizunguka na jambo hili kifuani. Bibi ana miaka sitini na zaidi. Je, nikimpa tamaa ikawa si kweli? Je, ikiwa mtu alipona hospitali akafa mwezi uliofuata? Niliwaza nimwandikie Baba Pemba kwanza. Niliwaza nikae kimya. Mwisho nikaona kwamba barua si yangu. Mimi niliambiwa niisome tu.

Nilimwambia baada ya chakula cha mchana. Nilimweleza mambo ya mkia kwa kifupi sana, kwa sababu nilijua hayo si anayoyataka. Nikamwambia: "Bibi, Mjerumani aliandika kwamba aliyefariki ni mtu mmoja."

Aliisogeza sahani kando.

"Kile kifurushi, Bibi, kilikuwa na vitu vya nani?"

"Kofia ya Makame. Niliishona mimi, nilimpa siku aliyoondoka. Na tasbihi yake. Ya Hamadi haikuja. Mama alisema labda imepotea njiani." Vidole vyake vilikuwa vinachezea ncha ya kanga. "Nilimshonea Hamadi pia. Ya maua ya mkarafuu. Haikuja."

Alisema "haikuja" mara ya pili kwa sauti nyengine kabisa. Nilijua amefahamu.

Tokea siku ile Bibi hakulala vizuri. Alianza kuniuliza maswali asubuhi mapema, kabla sijavaa: Tanga ni kubwa kiasi gani? Watu wa Unguja wakiwa kule wanajulikanaje? Alkhamisi usiku alisoma Yasini, akamtaja Makame, kisha nikasikia kimya. Hakujua tena amtaje Hamadi wapi.

Bi Mwanaidi ana mtoto wa dada yake anayeendesha lori baina ya Tanga na Pangani. Tulimwandikia. Tulimwomba aulize misikitini, baada ya sala, kama kuna mzee anayeitwa Hamadi, aliyetoka Unguja, aliyekuwa mpagazi wakati wa vita. Bi Mwanaidi alisema kule mtu wa kutoka mbali huitwa kwa jina la kwao, kwa hivyo aulize Hamadi Muunguja. Barua ile niliipeleka posta mwezi uliopita, Mfunguo Nne, na tukakaa kungoja.

Leo nilipotoka skuli nilimkuta Bi Mwanaidi kwetu, amekaa na Bibi, mwamvuli wake unachuruzika mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila ya kuniangalia. Bahasha ilikuwa mapajani mwa Bibi, haijafunguliwa. Alikuwa ananingoja mimi.

Barua imetoka Pangani, imeandikwa kwa hati nzuri ya kike. Nainakili hapa sehemu, ili nisisahau:

"Mimi ni binti wa Hamadi Muunguja, naitwa Mwanakheri. Baba alinipa jina la mama yake. Alikuwa fundi wa kusuka majamvi hapa Pangani. Alituambia kwamba kwao ni Mangapwani na kwamba alikuwa na mdogo wake, Makame, aliyefariki kwa homa mikononi mwake wakati wa vita. Alimwomba daktari apeleke vitu vya Makame kwao, kwa sababu yeye mwenyewe hakuweza kuvipeleka. Alikuwa ameapa kwa mama yake. Kila mwaka alisema mwakani nitavuka. Tulipomhimiza alisema, nitaingiaje mlango ule peke yangu? Alikufa mwaka jana, mwezi wa Rajabu, tukamzika hapa. Mpaka siku zake za mwisho alikuwa akisema kwamba dada yake Zuhura hajamsamehe, kwa sababu hakuna aliyekuja kumtafuta."

Nilisoma mpaka mwisho kwa sababu sikuweza kuacha katikati. Bi Mwanaidi alikuwa akifuta macho kwa ukingo wa kanga. Bibi alikaa wima, mikono juu ya magoti.

"Mwaka jana," akasema.

"Naam, Bibi."

"Rajabu."

Mimi hapo nilikuwa nshafanya hesabu. Barua ya Kijerumani nilipewa mwaka juzi. Sura ile ina kurasa kumi na mbili. Ningaliisoma mwaka juzi, ningalimkuta hai. Tungalimkuta hai. Bibi angalivuka, au yeye angalivuka, na angalijua kwamba hakuna aliyemkasirikia, kwamba hawakumtafuta kwa sababu walikwisha kumlilia.

Nilimngojea Bi Mwanaidi aondoke, kisha nikamwambia Bibi. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema: "Bibi, kosa ni langu. Ulinipa barua mwaka juzi. Nilifanya uvivu wa kuzisoma jaduweli za mikia nikaiweka ndani ya kitabu."

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Nilidhani hatanijibu. Na pengine nilitaka asinijibu, au anigombeze, jambo ambalo Bibi hajapata kunifanyia maisha yake.

"Wewe umechelewa mwaka mmoja na nusu," alisema mwisho. "Mimi nilikuwa na kofia moja mkononi miaka thelathini na tano, na sikuuliza ya pili iko wapi."

Hakusema kwamba amenisamehe. Wala hakusema kwamba si kosa langu. Aliligawa kosa mara mbili, akachukua fungu lililo kubwa, akaniachia langu. Naona hivyo ni haki kuliko kama angalinifariji.

Kisha akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Nimemlilia Hamadi kabla ya wakati wake. Sasa niache nimlilie kwa wakati."

Akaingia chumbani, akarudisha mlango.

Hivyo ndivyo ilivyo mpaka sasa. Nimekaa hapa na barua mbili, na najiuliza maswali yasiyo na mwalimu. Hivi ni mara ngapi tumefasiri jambo sawasawa na bado tukalikosa? Nikiwafundisha watoto kesho kwamba kitabu ni *ki* na vitabu ni *vi*, nitawaambia nini wakiuliza kuna faida gani? Zamani ningewajibu kwamba ndiyo sheria. Sijui kama nitaweza kulisema tena neno hilo bila ya kumuona mzee mmoja wa Pangani anasuka jamvi na kusema mwakani.

Na nikiri jambo jengine, la aibu zaidi. Hata leo, katikati ya haya yote, kuna sehemu ya moyo wangu inayofurahi kwamba niliusoma mkia ule sawasawa. Nilikuwa sahihi. Des ni mmoja. Furaha hiyo ipo, siwezi kuifukuza, na inakaa chumba kimoja na majuto bila ya kugombana nayo.

*

Nnaendelea baada ya isha.

Bibi alitoka magharibi ilipoadhiniwa. Alitia udhu, akasali, akanywa chai kavu na nusu ya mkate wa mofa. Macho yake mekundu lakini sauti yake imetulia. Tutamfanyia Hamadi hitima Ijumaa ya wiki ijayo, hapa nyumbani, na Baba ataitwa kutoka Pemba.

Kisha akaniita.

"Salma."

"Naam, Bibi."

"Chukua kalamu. Mwandikie mtoto wa kaka yangu."

Nikakaa sakafuni mbele yake, ubao wa kukatia nguo juu ya magoti. Alianza kwa salamu, kama inavyopasa, akauliza afya ya kila mtu asiyemjua. Akasema yeye ni shangazi yake, hai, mzima, anakaa Mkunazini. Akamwambia kwamba mama yake Hamadi hakumlaani mtu. Alikufa akiwaombea wote wawili. Hapo alisita, nikadhani amemaliza. Nikaanza kuandika jina lake chini.

"Bado," alisema. "Andika: Njoo, mwanangu. Sitakuuliza kwa nini baba yako hakurudi. Mimi nilimjua Hamadi kijana tu. Nataka uje unieleze alipozeeka alikuwa akicheka vipi."

Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Nikamsomea. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwamba ni sawa.

Posta hufunguliwa saa mbili. Nitakuwa mlangoni kabla ya karani mwenye ufunguo.